Kishikwambi na Sufuria ya Maharage: Kumsaidia Mwalimu Kutumia Teknolojia Darasani

Mtu aliyehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam hugundua jambo moja jikoni katika majuma yake ya kwanza: maharage hayaivi upesi. Huongeza kuni, huongeza maji, huchochea moto, lakini maharage hubaki magumu kupita alivyozoea pwani. Wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini hawalistaajabii jambo hilo, kwani wamelizoea tangu utoto. Kwa mwalimu wa sayansi, hata hivyo, sufuria hiyo ni maabara. Maji yaliyomo yanachemka kwa kishindo, lakini hayajafika nyuzi 100 za sentigredi, wala hayatafika hata moto uchochewe namna gani.

Makala haya yanatumia sufuria hiyo kulieleza swali linalowahusu walimu wote: mwalimu asaidiwe kwa njia gani ili vyombo vya kisasa vya kufundishia, yaani redio, projekta, kompyuta na kishikwambi, vimfae mwanafunzi kwa kweli, wala visiwe pambo la darasa au mzigo wa stoo?

Chombo Kimekwisha Fika

Swali hilo si la siku zijazo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Sensa hiyo iliuhesabu Mkoa wa Mbeya kuwa na watu 2,343,754 na Mkoa wa Iringa watu 1,192,728. Hivyo chombo ambacho jana kilikuwa kikiuliza idadi ya watu wa kaya, leo kimo mikononi mwa walimu wa Rungwe, Mbarali, Kilolo na Mufindi, nacho kinangoja kupewa kazi nyingine.

Wala huo haukuwa mwanzo. Kuanzia mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya Serikali vilianza kupata kompyuta kwa msaada wa Sweden, na mwaka 2007 ikatolewa sera ya teknolojia ya habari na mawasiliano kwa elimu ya msingi. Mikoa hii miwili haina upungufu wa mahali pa kujifunzia. Iringa ina Chuo cha Ualimu Klerruu, na tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mbeya ina Chuo cha Ualimu Tukuyu pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichokua kutoka chuo cha ufundi.

Basi tatizo kubwa si kupatikana kwa chombo peke yake. Mwalimu anaweza kupewa kishikwambi, akafundishwa kukiwasha, kukizima na kufungua faili, kisha akarudi darasani na kufundisha vile vile alivyofundisha jana. Tofauti huwa moja tu: maandishi aliyokuwa akiyaandika ubaoni sasa yanaonekana kwenye kioo, na wanafunzi wanayanakili. Hapo teknolojia imeingia darasani, lakini somo halijabadilika.

Mafunzo ya Miaka Iliyopita

Tanzania ina uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili, na uzoefu huo unafaa kukumbukwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, wakijifunza juu ya maradhi kama malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Mtu akitazama kwa haraka atasema kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ukweli ni kwamba redio ilikuwa kiungo kimoja tu. Kabla ya kipindi cha kwanza kutangazwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha pewa mafunzo. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vitabu vilivyoandaliwa, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilileta sauti, kiongozi wa kikundi akaleta maswali, na jembe likaleta matokeo.

Baada ya maamuzi ya Musoma ya Novemba 1974 kuhusu Elimu ya Msingi kwa Wote, nchi ilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kutoa. Kuanzia mwaka 1976 makumi ya maelfu ya vijana walifunzwa ualimu huku wakiwa shuleni wakifundisha. Masomo yao yaliwafikia kwa posta na kwa redio, nao walisimamiwa na walimu wenye uzoefu. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulizingatia jambo moja la msingi: mwalimu hujifunza vizuri akiwa kazini, mbele ya wanafunzi wake, akiwa na mtu wa kumwuliza.

Mifano ya hivi karibuni inatoa fundisho hilo hilo kwa upande mwingine. Nchini Peru Serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za vijijini. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319 na kutangazwa mwaka 2012 haukuona dalili kwamba wanafunzi waliopewa kompyuta walikuwa wamewazidi wenzao katika hisabati na lugha. Vyombo vilikuwapo, lakini njia ya kufundisha ilibaki ile ile.

Haki inadai kutaja pia mfano ulioleta nuru. Katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto ambao wengi wao hawakuwahi kwenda shule walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, katika shindano la kimataifa lililomalizika mwaka 2019. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni dhahiri basi kwamba chombo kilichoandaliwa vizuri, kwa lugha ambayo mtoto anaijua, kinaweza kufika mahali ambapo mwalimu hajafika. Lakini nusu ya wale wasiojua neno walibaki pale pale. Mahali ambapo mwalimu yupo, halingekuwa jambo la busara kumweka kando.

Somo la Maji Yanayochemka

Sasa turudi kwenye sufuria. Chukulia kwamba mwalimu wa sayansi katika shule ya Mbeya mjini anataka kufundisha juu ya kuchemka kwa maji. Kishikwambini mwake ana filamu fupi nzuri iliyotengenezwa ng'ambo. Inaonyesha birika, kipimajoto, na nambari zinazopanda mpaka 100, kisha mvuke unatoka. Mwalimu anaionyesha, wanafunzi wanaandika kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, somo limekwisha.

Siku ya jaribio wanafunzi wanatia kipimajoto ndani ya maji yanayochemka. Kinasimama kwenye nyuzi 94. Wanangoja. Kinabaki pale pale. Wengine wanasema kipimajoto kibovu. Wengine wanasema moto ni mdogo. Wengi, kwa kuwa wanataka alama, wanaandika 100 katika daftari. Hapo ndipo madhara makubwa yanapotokea, na hayaonekani kwa macho. Mwanafunzi amejifunza kwamba macho yake hayaaminiki, na kwamba ukweli unatoka kwenye kioo peke yake. Filamu haikusema uongo. Imesema ukweli wa mahali palipo karibu na usawa wa bahari, mbele ya watoto wanaoishi kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi.

Sababu yake ni hii. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa inayoyagandamiza. Pwani kanieneo hiyo ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya, kwa kuwa hewa iliyo juu ya mji ni pungufu, kanieneo ni kilopaskali 82 hivi, yaani imepungua karibu moja ya tano. Mvuke hauna haja ya nguvu nyingi kuishinda, na maji huchemka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1. Makadirio hayo yanatoa hesabu ifuatayo:

Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari: nyuzi 100.
Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi: nyuzi 98.4.
Iringa mjini, mita 1,600 hivi: nyuzi 94.7.
Mbeya mjini, mita 1,700 hivi: nyuzi 94.3.
Uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi: nyuzi 91.3.

Maharage huiva kwa joto, wala si kwa mapovu. Vitu vinavyoshikamanisha chembe za maharage hulainika polepole zaidi kila joto linapopungua, na kuchochea moto huongeza mvuke tu bila kuongeza joto la maji. Aina ya maharage, umri wake na chumvichumvi zilizomo katika maji huchangia pia, lakini mwinuko una sehemu yake kubwa. Sufuria ya presha hufupisha kazi kwa sababu hiyo hiyo: hufungia mvuke, kanieneo ya ndani huongezeka, na maji hupata joto zaidi kabla ya kuchemka.

Kishikwambi Kina Kazi Gani Hapo?

Mwalimu aliyesaidiwa vizuri hatakiacha kishikwambi, ila atabadilisha nafasi yake. Somo lake linaweza kufuata hatua nne.

Kwanza, utabiri. Kabla ya kuwasha jiko, kila mwanafunzi anaandika anavyodhani: maji yatachemka kwa nyuzi ngapi? Majibu yanaandikwa ubaoni. Chombo kinachohitajika ni chaki.

Pili, kupima. Mwalimu amekwisha kukihakiki kipimajoto kwa kukitia ndani ya barafu inayoyeyuka, kuona kama kinasoma sifuri. Kipimajoto cha spiriti ni salama kuliko cha zebaki, nacho kisiguse kitako cha sufuria. Wanafunzi wanasoma na kuandika joto kila baada ya dakika moja. Kishikwambi kinapiga picha ya kipimajoto kila mara, ili baadaye asiwepo wa kudai kwamba mwenzake alisoma vibaya. Mwishoni wanachora mchoro wa joto na wakati, kwanza kwa mkono, kisha kishikwambini.

Tatu, kulinganisha. Shule ya Mbeya peke yake haiwezi kujua kama nyuzi 94 ni kosa au ni kweli. Mwalimu anampelekea mwenzake wa Kyela picha na vipimo, naye anapokea vya huko. Katika hatua hii teknolojia inafanya jambo ambalo chaki haiwezi: inaziweka sufuria mbili zilizo mbali katika meza moja. Baadhi ya simu za mkononi zina pia kipimo cha kanieneo ya hewa ndani yake, na shule iliyo na simu kama hiyo inaweza kupima chanzo pamoja na matokeo.

Nne, kueleza. Sasa filamu ya ng'ambo inaonyeshwa, na wanafunzi wanaulizwa: filamu hii ilipigwa mahali pa namna gani? Swali hilo linaigeuza filamu kuwa ushahidi wa kuchunguzwa. Ikiwapo filamu nyingine inayoonyesha molekuli za maji zikiuacha uso wa maji, hapa ndipo pake, kwa kuwa jambo hilo halionekani kwa jicho.

Ukitazama hatua hizo utaona kwamba kishikwambi kimefanya kazi tatu tu: kimehifadhi kilichoonekana, kimeleta kilicho mbali, na kimeonyesha kisichoonekana. Kazi nyingine zote zimebaki kwa mwalimu na wanafunzi. Kipimo hicho kinafaa somo lolote. Ikiwa chombo hakifanyi mojawapo ya kazi hizo tatu, yafaa mwalimu ajiulize kama kinahitajika siku hiyo.

Namna ya Kumsaidia Mwalimu

Mafunzo mengi ya teknolojia huanza na mashine: hiki ni kitufe, hili ni faili. Yafaa yaanze na somo. Mwalimu aulizwe: ni mada ipi wanafunzi wako hawaielewi kila mwaka? Kisha itafutwe njia, na kama njia hiyo inahitaji kishikwambi, kifundishwe kwa ajili ya mada hiyo. Mwalimu atakayejifunza kupiga picha ili kuhifadhi kipimo cha joto hatasahau, kwa sababu amejua sababu yake.

Jambo la pili ni mahali na muda. Semina ya siku tatu mjini haitoshi. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, umewawekea walimu jumuiya za kujifunza katika shule zao. Utaratibu huo unafaa sana kwa kazi hii, mradi utumike kwa vitendo. Walimu watatu wanaandaa somo pamoja. Mmoja analifundisha, wawili wanakaa nyuma na kuangalia, si kumkagua mwenzao bali kuwatazama wanafunzi: nani aliuliza, nani aliachwa, kioo kilionekana mpaka dawati la mwisho? Baada ya somo wanajadiliana, wanalirekebisha, na wa pili analirudia katika darasa jingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la tatu ni uongozi wa shule. Kishikwambi kinachofungiwa kabatini kwa hofu ya kuvunjika hakitavunjika, wala hakitafundisha. Mwalimu anahitaji ruhusa ya kujaribu, na hata ya kukosea mbele ya wenzake bila kuchekwa. Mwalimu mzee asiyejua kompyuta lakini anayejua kuuliza maswali mazuri aunganishwe na kijana anayejua kompyuta lakini hajazoea darasa. Kila mmoja anacho cha kumpa mwenziwe.

Jambo la nne ni lugha. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza katika sekondari. Filamu nyingi zilizomo katika vishikwambi zinasema Kiingereza cha haraka. Mwalimu anaweza kuizima sauti na kueleza mwenyewe, au kuisimamisha filamu kila baada ya nusu dakika na kuuliza. Istilahi za Kiswahili zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Neno kama kanieneo, likitajwa pamoja na lile la Kiingereza, humpa mwanafunzi daraja la kuvukia.

Hali ya Mahali

Msaada wowote kwa mwalimu hauna budi kuzingatia hali ya mahali. Katika milima ya Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mawingu hufunika jua siku nyingi. Shule inayotegemea umeme wa jua haiwezi kupanga masomo yake kana kwamba iko Dodoma. Chombo kichajiwe siku zenye jua, na filamu zipakuliwe mapema mahali penye mtandao, zisitegemewe kupatikana wakati wa kipindi. Darasa likiwa na wanafunzi wengi na kishikwambi kimoja, wagawanywe katika vikundi vya zamu: kikundi kimoja kwenye kioo, vingine kwenye sufuria na mchoro. Na daima mwalimu awe na njia ya pili, kwa maana chombo kitazimika siku moja, na pengine siku ya mkaguzi.

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alilalamikia shule iliyomfanya mwanafunzi aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka katika vitabu au kwa waliosoma, na ya wazee wake hayana maana. Leo kitabu kimepata mwenzake mwenye mwanga na sauti, na hatari ni ile ile. Mama wa Mbeya anayejua kwamba maharage huchelewa kuiva ana ukweli ambao filamu ya ng'ambo haina. Kazi ya mwalimu ni kuukutanisha ukweli huo na sayansi, na kishikwambi kimsaidie katika kukutanisha huko. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapa ni mwanafunzi, na kupona kwake ni kuamini alichokipima kwa mkono wake na kuweza kukieleza.

Maswali na Kazi kwa Vikundi vya Walimu

1. Chagueni mada moja ambayo wanafunzi wenu hawaielewi vizuri. Je, kishikwambi kinaweza kuhifadhi, kuleta au kuonyesha nini katika mada hiyo? Kama hakiwezi, elezeni kwa nini.

2. Pimeni kiwango cha kuchemka kwa maji shuleni kwenu mara tatu, mkahesabu wastani. Kwa kutumia kanuni ya nyuzi 1 kwa kila mita 300, kadirieni mwinuko wa shule yenu. Linganisheni na ramani.

3. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, karibu na mji wa Mbeya, kimetoa aina za maharage kama Uyole 94 na Njano Uyole. Wapangieni wanafunzi jaribio la kulinganisha muda wa kuiva wa aina mbili za maharage. Ni mambo gani yatabaki sawa katika sufuria zote mbili?

4. Chukulieni kwamba kishikwambi kimezimika katikati ya somo lenu. Andikeni jinsi mtakavyoendelea kwa dakika ishirini zilizobaki bila kupoteza shabaha ya somo.